Benchi Lililokatwa

Habari ilinifikia Jumatatu, kwa dereva aliyetoka Kosele: yule seremala amefariki. Nilisema pole, kisha nikaendelea kunyoosha karatasi mezani ambazo hazikuwa zimepinda. Wasomaji wangu, sijui kama nina haki ya kumlilia.

Nilikuwa na miaka kumi mji wetu wa Homa Bay ulipoanza kubadilika. Maduka yalitiwa vioo, posta ikapata sakafu ya saruji ambayo watu waliivulia viatu, na zahanati mpya ikawekewa benchi moja refu, kazi ya mikono ya seremala huyo. Nililipenda mno. Nililipima kwa shubiri, thelathini na mbili, nisione lilipopinda. Asubuhi ya kwanza mama mmoja kutoka Karungu alifika akitetemeka kwa homa, akasimama nje juani. Seremala akamkaribisha ndani.

“Mkwe wangu amekaa humo na mtoto,” akajibu. “Nikae naye ubao mmoja, mimi nani?”

Kwetu mwanamume haketi pamoja na mama mkwe wake. Kijana, yule mkwe wake, alipomwona akainuka atoke, na mtoto mikononi anatapika. Seremala akachukua msumeno, akalikata benchi katikati, akapigilia miguu mingine, nusu moja akaisogeza ukuta wa pili. Wote wawili wakaketi, kila mmoja akitazama pembeni. Mzee mmoja akatania kwamba kesho fundi atakata na mlango. Watu wakacheka. Mimi nililia kwa ajili ya benchi.

Alasiri msimamizi wa ujenzi akauliza nani ameliharibu. Watu wazima wakatazama sakafu. Mimi nikamnyooshea seremala kidole. Seremala alifukuzwa papo hapo, akaambiwa aondoke na vipande vyake vya benchi. Jirani yetu aliinua mkono anizabe kofi, seremala akamzuia.

“Mwache nyathi, ni mtoto tu. Amesema kweli.”

Nilijifunza kuandika peke yangu, kwa magazeti ya kufungia sukari, na barua ya kwanza niliyotaka kuiandika ilikuwa ya kumwomba radhi. Nimeinakili miaka yote hii. Kila mara naona sentensi moja imekaa vibaya, naichana. Nilisema kweli nikamkosesha kazi. Yeye aliharibu kazi yake watu wakapata pa kukaa. Mpaka leo sielewi nani kati yetu alitenda lililo sawa.

Juzi matangani kwake Kosele nilionyeshwa pa kuketi. Nikapapasa ubao: ncha moja imepigwa randa, nyingine bado ina mikwaruzo ya msumeno. Hakuilainisha kamwe, na watu wameikalia hadi inang'aa. Hata barua yenye makosa ingemfikia, kama ningeituma. Nilijifunza hilo juu ya benchi lake, barua ikiwa mfukoni, imebaki sentensi moja tu.