Pua ya Mama Florentine Ndani ya Gunia la Maranda

Saa moja asubuhi, Florentine ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba moja ya Kalemie, mji ulio kando ya ziwa. Mbele yake kuna gunia la maranda, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyoanguka fundi akipiga randa. Anaingiza uso mzima, anavuta pumzi. Anatulia. Anavuta tena.

"Hii iko muzuri," anasema.

Hata hivyo hayatumii bado. Anatandaza konzi tatu juu ya bati, anangoja jua. Mbao zikipata joto, harufu iliyojificha hutoka.

Florentine, mwenye miaka hamsini na minne, anatunza chatu wawili wa Papa Wilfried, mwalimu mstaafu anayewafuga kwa kuwapenda tu. Kazi hiyo aliipata alipotoka kambi ya wakimbizi wa ndani ya Katanika, nayo ndiyo inayolisha wajukuu wake wanne. Papa Wilfried, ambaye yuko Kigoma kwa matibabu, alimwachia neno moja: chatu akifa, kazi imekwisha.

Nyoka hulala tumbo na pua vikiwa chini, anaeleza, kwa hiyo kitanda chake ndicho afya yake. Mchanga wa ziwa aliujaribu, ukawa unaganda kwenye panya anaowapa chatu na kuwaingia mdomoni. Unga wa msumeno uliziba pua. Majani makavu ya porini yakaleta kupe. Yakabaki maranda ya mbao isiyonukia, ambayo fundi Omer, jirani, humpa bure.

Mwezi uliopita chatu mkubwa alianza kupumua mdomo wazi, povu likimtoka. Florentine aliinama kwenye sanduku analolala nyoka huyo, akanusa mafuta ya taa.

Hakumwambia mtu. Mtaani walikwisha kusema kwamba chatu hao ni wa uchawi, hutapika dola, na Éliane, mke wa Omer, alikuwa ameacha kumsalimia. Florentine aliwaza kwamba wanataka kuua nyoka, kisha wamfukuze na yeye. Akaanza kufunga magunia kwa fundo lake mwenyewe, ajue likiguswa. Kila aliyepita uani, Florentine alimfuata kwa macho.

Siku ya kuchukua maranda alifika mapema kwenye karakana, akachungulia kupitia ua. Omer alikuwa ameshika chupa ndogo, ananyunyizia gunia, midomo ikienda kama ya mtu anayesali.

"Papa Omer," alimwambia, "nilikukosea nini?"

Omer aliiweka chupa chini polepole.

"Mama, kila muntu hapa anamwaga hii mafuta ku mulango, nyoka isiingie. Weye unaingiza mikono mitupu mu sanduku yake kila siku. Nikasema, ukishika hii maranda, basi iogope hata harufu ya mikono yako."

Florentine alikaa juu ya ubao. Éliane alitoka ndani na kikombe cha maji, akampa, akarudi bila kumsalimia. Maji yalikuwa ya baridi, anakumbuka, na kikombe kilikuwa kile cha wageni.

Siku hiyo alitupa maranda yote, akaosha masanduku, akatandika makaratasi ya maboksi na kuyabadilisha asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili povu lilikoma.

Je, sasa anamwamini fundi? Anacheka kidogo.

"Papa Omer ni muntu wa roho nzuri. Lakini pua yangu haina rafiki."

Omer naye amejifunza. Sasa huleta gunia mwenyewe, huingiza uso wake kwanza, mbele ya Florentine, kisha humkabidhi.

Tangu juzi macho ya chatu mkubwa yamegeuka rangi ya maziwa, dalili kwamba anakaribia kujivua ngozi. Ngozi ikichanika vipande vipande, bado anaumwa. Ikitoka nzima, kuanzia pua hadi ncha ya mkia, amepona, na kazi ya Florentine imepona naye.

Ikitoka nzima, ataibeba hadi kwa Omer.

"Mama Éliane ataichungulia ndani kutafuta dola," anasema. "Achungulie tu. Akimaliza, ndo atanisalimia."

Anainama juu ya bati, ananusa mara ya tatu, kisha anayamwaga maranda sandukuni.