Rafiki na Mwenzio

Nikisikia harufu ya hina, pua huniwasha. Nakumbuka jioni moja utotoni, kesho yake ilikuwa sikukuu. Mimi na binti wa jirani tumekaa ukumbini kwa bibi, Kikwajuni, mikono imechorwa maua ya hina mbichi, ukigusa kitu yameharibika. Inzi akatua juu ya pua yangu.

"Nikune!"

"Hina yangu je?"

"Kwani wewe si rafiki yangu?"

"Mie? Jana si uliniita bata?"

Bibi akacheka. "Rafiki unamchagua. Mwenzio ndiye uliyepakwa naye."

Nilitaka kumuuliza nani kasema hivyo, lakini binti alikuwa keshanikuna. Sikukuu nzima nilitembea na pua nyekundu ya hina, yeye na ua lililovurugika, na kila aliyetucheka alitucheka sote wawili.