Kanga Mbele ya Ndege

Mimi ni mtu wa makeke, sikatai. Mwanangu, fundi wa ndege, aliponipigia simu kwamba kesho yake anakuja Kilwa Masoko na ndege ndogo kumchukua mgonjwa, habari ya mgonjwa wala sikuisikia. Nilisikia "nakuja" tu. Nikakusanya wanawake wa mtaani, tukajifunga doti mpya, tukaenda kumpokea kama anayerudi Makka.

Mlinzi wa uwanja alitukataza kusogea. Nikamwambia, "Wewe, anayeteremka hapo nimemzaa mimi." Ndege ikasimama, injini bado inanguruma. Tukapiga vigelegele, tukatandika kanga chini akanyage, maana kwetu ndivyo anavyopokewa mtu wa maana. Yangu niliisogeza mbele kabisa. Kanga ikanyanyuka kwa upepo, mapanga ya ndege yakaichanachana, na vipande vikavutwa ndani ya tundu la hewa chini ya pua. Injini ikakohoa, rubani akaizima.

Mgonjwa, mwanamke mjamzito, alikuwa kivulini na mumewe, amejikunja kwa uchungu. Mumewe akasema, "Si vitambaa tu, fundi? Vitoeni twende." Nami, bila haya, nikadakia, "Chomoa tu, mwanangu."

Mwanangu hakunitazama. Alimweleza yule mume kwamba humo ndani mna mapanga mengine madogo yanayozunguka kwa kasi mno. Likipinda moja, injini inaweza kuzimika angani, na ndege ile ina injini moja tu. Lazima ifunguliwe ikaguliwe, na vifaa viko Dar es Salaam.

"Kosa ni letu," akasema. "Huyu ni mama yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Wakampakia mgonjwa kwenye gari, wakashika barabara ya Dar es Salaam. Yeye alipona. Mtoto alitoka ameshakufa.

Majirani wananifariji, eti ni kudra. Nawaitikia, lakini najua Mungu hakwenda uwanjani na kanga.

Yule mwanamke aliporudi Kilwa nilikwenda kumpa pole. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kutukanwa. Akaniamkia shikamoo, akanitandikia mkeka, tukakaa. Kisha akaniuliza, taratibu, "Na mwanao, mama? Hawakumfukuza kazi?"

Nikamjibu hajambo, yupo kazini. Nikaona haya kwamba wangu ni mzima.