Dawa Nyekundu

Daktari aliposema nitaanza na kemo, zile dawa za saratani, upasuaji baadaye, nilijua moyoni wameniacha. Kwetu Runyenjes mtu akiwa na uvimbe hukatwa. Akipewa dripu badala ya kisu, tunaona ni njia ya upole ya kumwambia aende akaage watu. Labda ni mimi tu niliyefikiri hivyo. Niliishia darasa la saba, na saratani ya titi haikufundishwa.

Siku ya kwanza sista alileta dawa nyekundu kwenye bomba la sindano, akaisukuma polepole ndani ya dripu. Alizungumza muda wote, lakini mimi nilikuwa natazama ule wekundu ukishuka kwenye mpira kuja mkononi mwangu.

Nililala mtaa wa Majimbo, karibu na hospitali, kwa wifi yangu, dada ya mume wangu, kwa sababu kichefuchefu hakingeniruhusu kufika nyumbani. Hatukuwa tunapatana sana. Ni mtu wa kuamuru. Lakini niandike haki yake: alinipa kitanda, yeye akachukua kochi, na alikuwa amenisagia juisi ya bitiruti, vile viazi vyekundu, eti iniongezee damu.

Jioni nikaenda chooni. Mkojo ukatoka mwekundu. Nikashika ukuta.

"Wifi! Nakojoa damu! Wameniua hawa. Sirudi huko, hata mnivute kwa kamba."

Alikuja, akachungulia chooni.

"Ama ni bitiruti yako?" nikamwuliza.

"Bitiruti yangu? Na mimi si nimekunywa glasi mbili? Hebu toka hapo tuone."

Akaingia, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ameshika kiuno. "Wangu ni maji tu. Usinisingizie."

Akatafuta namba kwenye kadi yangu ya kliniki, akampigia sista, akaweka spika.

"Mama, si nilikuambia?" sista akasema. "Dawa ni nyekundu, lazima itoke nyekundu. Siku moja ama mbili, itaisha. Kunywa maji. Lakini ukishikwa na homa, usingoje kesho, kuja mbio."

"Kwa hivyo si damu?"

"Si damu, mama."

Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda akacheka mpaka machozi. "Mtu mzima anatishwa na rangi!" Nami nikacheka, na tumbo likaniuma kwa kucheka. Kisha akaniuliza taratibu, "Na kurudi, utarudi?"

Nikasema nitarudi, lakini kwanza daktari anijibu kuhusu kisu.

Niliporudi kliniki nilimwuliza daktari waziwazi kama ameniacha. Hakukasirika. Alisema kisu hufika pale kinapokata tu. Dawa hupita mwili mzima, ikitafuta chembe za saratani zilizotoroka, na uvimbe ukinywea utakatwa kwa urahisi. Nywele zingenyonyoka kwa sababu dawa hupiga chochote kinachokua haraka, haichagui vizuri. Sijui kama nimeeleza sawasawa. Kupona hakuniahidi, na hilo pia niliandike.

Nilipoenda kwa dripu ya tatu daktari alinipima, akapima tena, kisha akauweka mkono wangu mwenyewe kwenye titi. "Tafuta," akasema.

Nilikuwa nikiupata ule uvimbe kila asubuhi bila kutafuta. Sasa vidole vilizunguka, vikarudi, vikazunguka tena, na wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wangu, akasema, "Si useme kitu!"

Nilikuwa bado natafuta.