Kengele Hai Katika Maji ya Ndama

Enzi zetu pale Garsen, hadubini ilikuwa mgeni wa heshima. Ilikuja shuleni kwa kuazimwa, imeviringishwa kanga ndani ya sanduku la mbao, ikakaa siku mbili tu. Sisi wa kidato cha pili tulinawa mikono kabla ya kuigusa, kama watu walioitwa mezani. Mwalimu wa bayolojia akatoa sharti: kila meza ilete maji yake, imtafute kiumbe aliye hai, imtaje jina na kutoa sababu. Meza itakayomridhisha zaidi ndiyo ingekwenda kwenye maonyesho ya sayansi Mombasa. Mimi sikuwa nimewahi kufika mbali zaidi ya Minjila, na safari hiyo niliitamani hadi nikakosa hamu ya chakula.

Mwenzangu mezani alikuwa Hawa, binti wa wafugaji wa Kiorma, mcheshi asiyemwogopa mtu. Kwetu, kijiji cha Hewani, maji ya mto Tana yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mama alituagiza kila siku, "Tia shabu, koroga, yaache yalale, tope litulie chini." Basi nami, kwa malezi hayohayo mema, nikayatia shabu maji ya kazi yetu. Yaling'aa ajabu. Siku nzima tulitazama hadi macho yakatoka machozi, hatukuona chochote kinachotikisika. Wavulana wa meza ya jirani walikuwa wameshapata paramesia.

"Umewazika wote kwenye tope, dada," Hawa aliniambia. "Tulitumwa kutafuta wadudu, wewe umetengeneza maji ya wageni."

Kesho yake alileta chupa ya maji ya dimbwi wanyweamo ndama wao, ya kijani, yenye harufu ya zizi na vipande vya majani yaliyooza. Wavulana wakaziba pua.

"Mtatukaribisha kikombe?" mmoja akauliza.

"Wewe kunywa yale ya jana," Hawa akamjibu. "Hayana nyama."

Niliinamia lenzi. Ukingoni mwa jani zilining'inia kengele ndogo angavu, kila moja juu ya uzi wake mwembamba, vinyweleo vya mdomoni vikizungusha maji kama kinu. Nikagonga meza kwa ukucha. Zote zikanywea kwa mpigo mmoja, nyuzi zikajikunja kama springi, kisha zikanyooka taratibu.

Kitabuni mlikuwa na picha mbili zinazofanana: vortisela na epistilisi. Wavulana wakashikilia kuwa ni epistilisi.

"Sababu?" mwalimu akaniuliza.

"Epistilisi huchangia shina moja lenye matawi, mwalimu, na shina hilo halijikunji. Hizi kila moja ina uzi wake, nao unajikunja."

Aliinamia lenzi. Akagonga meza kwa kidole chake mwenyewe, akagonga tena, kisha akacheka kama mtoto. "Vortisela," alisema. "Fungasheni, mabinti. Mombasa kuna joto."

Siku hizi majina hayana shida. Juzi mpwa wangu alilielekezea simu ua la yungiyungi kando ya mto, jina likatokea kabla hata hajainama. Nikamuuliza ua hilo hufumba saa ngapi.

"Hiyo haijaandikwa, shangazi," akasema, naye tayari alikuwa ameshaligeuzia ua kisogo.