Sauti ya Pili kwenye Kaseti

Sisi tuliozungusha kaseti kwa kalamu ili kuokoa betri, tuinue mikono. Najua siku hizi mabega yanauma, lakini inueni. Ninyi ndio mtakaonielewa, maana jambo lililonipata mwezi huu bado limenishika moyo, na vijana wa kwaya nikiwaeleza wananitazama kwa huruma tu.

Nilipokuwa na miaka tisa hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Congo, kwaya ya parokia yetu iliamua kuimba Misa kubwa ya Kilatini, sauti nne, karibu saa nzima. Kitabu cha nota kilikuwa kimoja, na waliojua kukisoma walikuwa wawili: mwalimu wa kwaya na mama yangu, aliyeongoza sauti ya pili. Wengine wote walijifunza kwa sikio. Basi ikaazimwa redio kaseti, kila sauti ikarekodiwa peke yake, na sauti ya pili ikarekodiwa sebuleni kwetu. Mama alikuwa amekulia Congo, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha huko. Siku ile alinikalisha kando ya mlango, akanikataza kukohoa, kucheka na hata kujikuna. Nakumbuka harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, kutoka jikoni, na zile betri tulizokuwa tumezianika juani asubuhi zipate nguvu.

Mama aliimba bila kosa mpaka karibu na mwisho. Hapo kuku akaingia. Kusimamisha redio kulikuwa ni kuanza upya, na betri zilikuwa zinakata roho. Mama hakusimama. Palipotakiwa kimya cha sauti ya pili, aliimba kwa nota ileile na kwa unyenyekevu uleule, "Fifi, funga mulangooo," kisha akaendelea na Kilatini chake. Niliruka, nikamfukuza kuku, nikafunga.

Kaseti ile ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, na moja ikafika Rubona kwa akina mama wauza samaki ambao wangeimba pamoja nasi siku ya sikukuu. Kufikia hapo sauti ilikuwa imekwaruza, jina langu limemezwa, limebaki "fungamulangooo". Sikukuu ikafika, kanisa likajaa mpaka nje. Kile kimya kidogo kilipokuja, akina mama wote wa Rubona, macho juu, mikono kifuani, wakaimba kwa nguvu: "Fungamulangooo!" Mwalimu wa kwaya aliganda, mkono hewani. Mzee mtunza kanisa, mtu mtiifu sana, alienda akafunga mlango mkubwa. Mama alificha uso kwenye kitabu. Nilidhani analia, kumbe mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Baada ya Misa mwalimu aliwauliza akina mama yale maneno waliyatoa wapi. Kiongozi wao alishtuka kuliko sisi.

"Eh! Iko kwa kaseti, donc iko kwa Misa," alisema. "Kilatini, nani kati yetu anaijua?"

Tangu siku hiyo, kila nilipoharibu kitu, Mama alikuwa na msemo wake: "Kosa ya kaseti haifi." Yeye ndiye aliyekufa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, akaugua wiki tatu tu. Picha zake ninazo mbili. Sauti yake nilikuwa nimeisahau, nasema ukweli, na kuisahau kuliniuma kama msiba wa pili.

Mwaka huu parokia inaimba tena Misa ileile. Vijana hawakai tena sakafuni kuzunguka redio. Fabrice, mwalimu wetu wa sasa, anatuma kila sauti kwenye simu, na wao wanaisikiliza juu ya pikipiki, kwa kasi mara mbili, kana kwamba mbinguni wanafunga saa kumi. Juzijuzi nilikuwa namenya viazi vya Bugeshi, simu ikalia: sauti ya pili. Nikabonyeza kwa kidole kilichojaa udongo.

Alikuwa Mama.

Kisu kilinidondoka. Fabrice alikuwa ameiokota kaseti ya kwanza kwenye kabati la sakristia, akaiingiza kwenye mashine ya kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Nilikaa chini palepale kwenye maganda, nikingoja kile kimya, nikingoja jina langu. Kimya kikaja. Kikapita. Hapakuwa na kitu. Nilirudia mara tano, kisha nikampigia Fabrice.

"Ah, Mama Olivier," alisema kwa furaha, "pale kulikuwa bruit, makelele ya mutu anaongea na kuku. Nilikata. Sasa iko propre!"

"Bruit?" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Fabrice, ile ni mama yangu! Kaseti iko wapi?"

Akakiri. Kaseti ilikuwa imekatika ndani ya mashine, akaitupa. "Pardon, Mama. Ngoja nitafute kwa ordinateur, pengine ile yenye sijakata iko."

Pengine! Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa nimemkosa mara moja, na sasa nilikuwa naelekea kumkosa tena kwa sababu ya usafi. Nyimbo zao ni safi kweli, hazina kikohozi, hazina jirani, hazina kuku. Ukizisikiliza huwezi kujua siku hiyo kulipikwa nini.

Ijumaa mchana simu ikalia. Nilijifungia ndani, nikabonyeza. Kuku alitangulia. Kisha yeye, kwa nota ileile: "Fifi, funga mulangooo."

Hakuna aliyebaki anayeniita Fifi. Kabla neno halijaisha nilikuwa nimeshasimama, nimefika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Zamani mlango wetu ulikuwa wazi kutwa, majirani na kuku wakiingia watakavyo, mpaka mtu aimbe ndipo ufungwe. Huu wangu ulikuwa umeshafungwa, kwa funguo mbili.