Kapu Kichwani mwa Baba

Enzi zetu mtoto hakuulizwa angependa kupumzikia wapi. Palikuwa na mahali pamoja tu, kwa bibi, na tuliona panatosha. Wanangu hujadiliana juma zima kuhusu matembezi ya siku mbili, na mimi niliyesomea mipango chuo kikuu huishia kuwafuata nyuma na funguo za gari mkononi.

Baba yangu hakusomea mipango. Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, Mama alikuwa ametoka kuugua mapafu, na mganga wa zahanati alimkataza kubeba kitu chochote kichwani mpaka mvua zianze. Lakini nyumbani kwetu, kijijini Mpemba, Mama hakuweza kuuona mtungi mtupu akatulia. Baba akaamua Mama aende akapumzike siku tatu kwa mama yake, ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, pamoja nasi watoto watatu. Ulikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mpaka wenyewe tuliujua kwa kuambiwa. Malezi yalikuwa yale yale pande zote mbili, na maamkizi pia.

Safari ile ilihitaji jambo moja tu: siri. Nusu ya Mpemba ilikuwa na ndugu upande wa pili, na ikijulikana kwamba mtu anakwenda huko, kila nyumba ilimletea kifurushi. Kukikataa ilikuwa kumkataa aliyekituma na yule anayekisubiri. Kwa hiyo Baba alituita jioni, akasema taratibu, "Mama yenu anakwenda kupumzika. Atakayemfanya abebe hata kijiko, atabaki hapa na mbuzi."

Nilitunza siri ile usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Kisha mtoto wa jirani yetu Namwinga akaniringia kwamba mjomba wake amenunua baiskeli. Sikuwa na kitu kingine cha kumringia.

Alfajiri ya safari uani palikuwa kama gulioni. Palikuwa na ulezi, maharage, chungu kipya, mayai ndani ya pumba, na jogoo aliyefungwa miguu akitutazama kwa dharau. Namwinga alileta karanga za kupelekewa shangazi yake na maelezo marefu ya namna ya kuifikia nyumba. "Si nyingi, dada," alimwambia Mama, "hata hutazisikia kichwani." Mama alimshukuru. Kisha akaanza kukunja kitambaa kutengeneza ngata ya kutwikia mzigo.

Nilijua nimemuua mama yangu. Nilikiri palepale, huku nalia, nikasema nitabaki na mbuzi.

Baba alijaribu kwanza kufunga mizigo kwenye mti wa mzega na kuutwika begani, kama wanaume wote, lakini chungu kikaelemea upande mmoja na mayai yakatishia kumwagika. Ndipo alipopanga vyote kwenye kapu kubwa, akaichukua ngata mkononi mwa Mama, akaiweka kichwani mwake mwenyewe na kuinama. "Nitwisheni," alisema. Mpemba mwanamume hakutwikwa kitu kichwani.

Kwangu alikuwa na neno moja. "Wewe uliyewatangazia wa hapa, tangulia, ukawaeleze na wa njiani."

Basi nilitangulia na yule jogoo kwapani, nikimweleza kila tuliyekutana naye kwamba Mama anaumwa, hatakiwi kubeba. Tulipowafikia wanaume waliokuwa wakifukia mashimo barabarani, mmoja aliegemea jembe lake akauliza, "Bwana, wewe umeolewa ukoo gani?" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba hakugeuza shingo, maana kapu lisingemruhusu.

"Kwa huyu mama hapa nyuma," alisema. "Ananilisha vizuri."

Nyuma yangu nilimsikia Mama akicheka, kicheko cha kwanza tangu augue, kikaishia kwenye kikohozi, kisha kikarudi.

Kwenye kijito cha mwisho Baba alitua kapu. Mkwe hakuingia kwa mama mkwe bila kutuma taarifa, na baada ya kubeba kapu la watu wote hakuona sababu ya kuvunja desturi hiyo nayo. Aligeuka akarudi kwenye kazi zake. Sisi watoto tulihamisha vifurushi kidogo kidogo hadi kwa Bibi, Mama akiwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini. Siku tatu alilala, akala karanga za kukaanga, akalala tena. Hakubeba hata kijiko.

Siku hizi tukisafiri hakuna jirani anayejua, wala anayetuma kitu, na mizigo hubebwa na gari. Juzi, kabla ya kuondoka, mke wangu alinipa mkoba wake niushike kidogo amfunge mtoto viatu. Nilitazama kwanza kulia na kushoto.